Soya ya Mabula

Wiki iliyopita mjukuu wangu alinikalisha chini. Tulikuwa uani kwangu hapa Kagongwa, jua limesimama utosini, soya imeanikwa kwenye maturubai, vijana wangu wa kazi wamejilaza kivulini. Mtoto akatokea nyuma ya ghala anakimbia, mikono juu. "Bibi! Bibi! Mvua hiyo!" Nikatazama juu. Mbingu nyeupe, hata kawingu ka kuombea hamna. Halafu nikasikia alichosikia yeye. Pa. Pa-pa. Tapa. Yalikuwa maganda ya soya yanapasuka kwa joto, punje zinaruka na kudondoka, na ukiwa umesimama mbali utaapa ni matone ya kwanza yanapiga majani makavu.

Nilikaa chini palepale, juu ya gunia. Vijana wakaja mbio. "Mama, presha! Presha imempanda, leteni maji!" Sina presha mimi. Niliwafukuza wote.

Mimi si mtu wa kalamu. Shule niliachia darasa la pili, na hii mashine ya kukamua mafuta, hili ghala, hii nyumba ya bati jekundu, nilivijenga kwa mikono hii. Anayesema alinisaidia ajitokeze nimwone. Kwa hiyo mstari ukienda kombo mtanivumilia. Nawaandikia nyinyi wa rika langu, mliovaa kaniki na kunywa maji ya lambo pamoja na ng'ombe, maana hawa watoto wa siku hizi ukiwaambia mtu alilia kwa sababu ya maharage wanakucheka.

Tulikaa Samuye, ukingoni mwa mbuga, ile ardhi nyeusi ambayo wakati wa mvua inakunasa miguu na kiangazi inapasuka nyufa za kumeza mkono wa mtoto. Nyumbani tulikuwa wachache: bibi mzaa baba, baba mwenyewe, mama, ambaye mimi nilimwita mayu kama Wasukuma wote, mimi, na mdogo wangu Mabula. Mimi naitwa Limi, yaani jua, kwa sababu nilizaliwa kiangazi kikali. Mabula alizaliwa mvua zinanyesha, na jina lake linasema hivyohivyo. Kwetu hilo ni jambo la kawaida, hakuna anayekaa kulifikiria jina lake. Lakini bibi alikuwa na utani wake. Mvua ikichelewa ananiambia, "Limi, hebu sogea pembeni mdogo wako apite." Utani tu. Mimi nikaumeza mzima mzima. Nikaamini kabisa kwamba mimi ndiye jua na Mabula ndiye mvua, na kwamba hatuwezi kutawala wote wawili kwa wakati mmoja.

Mambo mengi niliyaelewa upande. Kwa mfano nilidhani Mabula amenona. Mashavu yamejaa, miguu imeumuka mpaka vifundo havionekani, nywele zimekuwa nyekundu na laini kama ndevu za hindi. Niliwaringia watoto wa jirani kwamba mdogo wangu mnene na wao wana mbavu tupu. Kwamba huyo mnene hachezi, hacheki, unamweka hapa na kumkuta hapahapa, nzi wanamtambaa machoni na hawafukuzi, hilo sikuliunganisha. Nilimbonyeza mguu kwa kidole, shimo likabaki. Nikaona mchezo mzuri. Nikambonyeza tena.

Wakubwa walijua. Jirani yetu Mama Shija, mwanamke aliyekuwa na mdomo kuliko redio, alisema waziwazi kisimani, "Huyo kabemendwa. Wenyewe hawakuvumilia, mtoto bado ananyonya wameshakimbilia kitandani, sasa mwenye kulipa ni yeye." Mayu aliweka ndoo kichwani akaondoka. Baba naye, maneno hayo yalipomfikia, alifunga nguo zake kwenye mfuko wa rambo, akasema anakwenda machimbo upande wa Geita kutafuta. Alituachia jembe.

Mayu alimbeba Mabula mgongoni mpaka zahanati ya misheni, mwendo wa kutwa. Sista wa pale akamwambia hakuna cha kubemendwa. Hii ni njaa ya aina yake, tumbo linashiba ugali lakini mwili haupati cha kujengea. Akampa maziwa ya unga, na kopo la mbegu za mviringo zenye rangi ya siagi. Soya. Ukivuna, kaanga, saga, mpikie uji. Na usiipande na mvua ya kwanza. Ngoja mvua zitulie, uchomeke mkono shambani, udongo uwe umelowa mpaka kiwiko. Kuhusu kupanda sista alieleza yote. Kuhusu kuvuna, ama hakueleza ama mayu alikuwa amechoka kusikiliza, hilo sijui mpaka leo. Mimi niliambiwa kitu kimoja tu: hizi ni mbegu za uji wa Mabula, nikigusa hata moja nitaona.

Mvua ya kwanza ikaja. Ile harufu ya vumbi linapopigwa maji mnaijua, sina haja ya kuieleza. Kijiji kizima kilimwagika mashambani, na mayu naye akapanda mahindi na mtama kama watu wengine. Soya akaiacha kwenye kibuyu. Kila baada ya mvua anatoka, anapiga goti pembeni mwa mbuga, anazamisha mkono, anautoa na kuutazama. Umelowa kiganja tu. Anarudi ndani. Mvua nyingine, anatoka tena. Umefika kwenye bangili. Anarudi.

"Mama Limi!" Mama Shija alipaza sauti akipita na wenzake, majembe begani. "Hizo mbegu unazilalia kama kuku? Mwaka huu utatuangulia vifaranga!"

"Vikitoka nitakupa jogoo, shoga," mayu akajibu. "Wako wa ndani amechoka kuwika."

Walicheka mpaka majembe yakawaanguka. Bibi alicheka pia, lakini walipopita alimgeukia mayu. "Na mvua ikikata? Utapanda kwenye mate yako?"

"Sista kasema kiwiko, mama."

"Sista ana shamba?"

Mayu akakifunika kibuyu. Alikuwa anaogopa kuliko bibi, naona sasa. Kopo lile halikuwa na ndugu. Akikosea halipo lingine, na maziwa ya misheni yalikuwa yanaelekea kuisha.

Asubuhi moja mkono wake ulitoka mweusi mpaka kwenye kiwiko. Tulipanda siku ileile, mayu anachimba, bibi anadondosha, mimi nafukia kwa kisigino. Na nyinyi wa kwetu mnajua kinachotokea mwezi wa pili. Mvua ilikata. Mahindi yaliyotangulia yalikuwa ndiyo kwanza yanatoa mbelewele, yakakauka yamesimama. Mtama uliojitahidi ukaliwa na ndege, wale wanaokuja kama moshi. Lakini soya, kwa kuchelewa kwake, ilikuwa bado changa, haina ua wala ganda la kupoteza. Iliinamisha majani, ikasubiri. Mvua ziliporudi ikainuka.

Mama Shija alisimama ukingoni mwa shamba letu kwa muda mrefu, mikono nyuma. Siku hiyo hakuwa na utani. "Mama Limi," alisema, "kumbe kweli ulikuwa unaatamia."

Katika kijiji kizima kitu cha kijani kilichobaki kilikuwa chetu. Nilijivuna. Mayu alikuwa akipita katikati ya mistari akiongea na yale majani kwa sauti ya chini, kama mtu anayembembeleza mgeni asiondoke.

Mabula lakini alikuwa anakwisha. Maziwa yalikuwa yameisha, akabaki na uji mwembamba wa mtama tuliouokota chini ya ndege, kisha akaanza kuhara. Ule unene ulishuka siku chache tu, na chini yake sikumkuta mdogo wangu, nilikuta ngozi ya mzee. Majani ya soya yalikuwa yameanza kupata njano pembeni. Mayu akamfunga mgongoni tena.

"Mama, nakuachia shamba," alimwambia bibi. "Msiing'oe ikiwa mbichi, itaoza. Iacheni ikauke kabisa. Nikirudi na huyu, sista hatatupa tena maziwa. Ni hiyo tu."

"Nenda," bibi alisema. "Nimevuna pamba kabla mama yako hajaota meno. Nitashindwa na vijimaharage?"

Hapo ndipo palipokuwa na kosa, na wala halikuwa kosa la mjinga. Bibi alikuwa mtu wa pamba. Ujana wake wote na utu uzima wake uliishia kwenye pamba. Alikuwa amesikia kwamba soya ina mafuta ndani, kama mbegu ya pamba. Aliiona inasimama wima kama mpamba. Akaiweka kwenye ukoo huo moja kwa moja. Na pamba huifuati, unaisubiri. Kitumba kinapasuka chenyewe, kinakutolea nyeupe, na nyeupe ile inaning'inia pale ikikungoja hata ukichelewa kwa msiba wa ndugu. Ukiona kimepasuka ndiyo unajua kazi imeanza.

Basi kila asubuhi tulikwenda. Bibi anashika ganda, analibonyeza kwa dole gumba. "Bado. Halijafungua." Majani yakaanguka yote, zikabaki fimbo zimejaa maganda ya kahawia yenye manyoya. Ukitikisa fimbo unasikia njuga. "Bado." Mvua nazo zilikuwa zimekoma kabisa, mbuga imeanza kupasuka, na mimi nilikuwa najua sababu. Mabula ameondoka, ameondoka na mvua yake. Nimebaki mimi. Niliona aibu kulitazama jua, kama mtu anayetazamwa na ndugu yake mlevi mbele za watu.

Siku hiyo nilikuwa peke yangu shambani nafukuza mbuzi. Mchana, upepo umekufa, joto linatetemeka juu ya ardhi. Nikasikia tone. Pa. Nikatazama mkono wangu, mkavu. Pa-pa. Tapa-tapa. Upande wa kushoto, halafu mbele, halafu shamba zima, mvua inakuja ikitembea kwa miguu midogo juu ya vitu vikavu. Sikutazama mbingu. Nani anatazama mbingu akisikia mvua? Nilikimbia nyumbani.

"Bibi, mvua! Mabula anarudi! Mvua imefika shambani!"

Bibi alikuwa anachambua mboga. Alitoka nje, akatazama juu kwa jicho moja, akasimama. Nikaona sura yake inabadilika polepole. Alitupa ungo akakimbia. Sikuwahi kumwona bibi yangu akikimbia.

Tulipofika shamba lilikuwa bado linalia. Maganda yalikuwa yanajikunja kama kamba, yanajipindua, yanatupa punje huku na huku. Nyingine zilinipiga shavuni. Na chini pale mbuga ilikuwa imefumbua midomo yake yote, na punje zinadunda mara moja kwenye udongo mgumu, zinabingirika, zinaingia. Unaona kitu cha njano kinatumbukia kwenye weusi, basi.

Bibi alikumbatia mche. Sitii chumvi. Alikumbatia mche kifuani, akafumba maganda kwa viganja vyake yasifunguke. Mle mikononi mwake yakawa yanapasuka. Akauacha akakumbatia mwingine. "Ngoja," alikuwa anasema, "ngoja, ngoja kwanza." Halafu akanipigia kelele, "Ng'oa! Mbona umesimama, ng'oa!" Nikashika, nikavuta. Mche mzima ukalipuka. Kila tulichogusa kilimwagika. Tukitaka kuokoa tunapoteza, tukiacha tunapoteza.

Mama Shija alisikia kelele akaja na khanga moja. "Mama! Mnafanya nini na jua hili? Acheni, mnaipukuchua wenyewe!"

"Imefungua," bibi alisema. "Si nimesubiri mpaka imefungua?"

"Hii ni ndugu wa choroko, mama. Si ndugu wa pamba. Inakatwa alfajiri umande ungali juu yake, ganda limelainika, unaibeba kama mtoto amelala. Sasa hivi usiiguse."

"Mbona hukusema?"

Mama Shija aliangalia pembeni. "Nilijua mnaijua. Mmeshinda kijiji kizima mwaka huu, mimi wa kuwaambia nini?" Kisha akafunga khanga vizuri. "Ipo nusu haijapasuka. Kesho alfajiri nakuja na wanangu wote na visu. Leo tuokote za chini."

Tuliokota mpaka macho yakakataa. Za juu ya udongo zilikuwa chache. Zilizoingia kwenye nyufa tuliziona zimekaa kule ndani, karibu kabisa, zinatutazama, na mkono haufiki. Mimi nilibandua gundi ya mgunga, nikaitafuna ikawa laini, nikaibandika kwenye ncha ya kijiti kirefu, nikawa nashusha kijiti kwenye ufa na kunasa punje moja moja. Bibi alikuwa amelala kifudifudi, shavu kwenye ardhi, ananielekeza. "Hapo. Shusha. Kulia kidogo. Polepole, mama yangu, polepole." Ikidondoka njiani anafumba macho. Ikitoka anaipokea, anaipangusa kwa nguo, anaiweka kwenye kibuyu. Nikahisi mimi ni mtu mkubwa. Jioni upande wa ziwa kulikuwa kumeweka giza la wingu, sisi tukaendelea kuokota.

Mvua ilikuja kabla ya jogoo. Mvua yenyewe, ya kweli, mvua ya kupotea njia, maana msimu ulikuwa umekwisha na hakuna aliyeihitaji isipokuwa ng'ombe. Mama Shija alikuja kama alivyoahidi, amelowa, watoto wake nyuma yake na visu. Tulisimama ukingoni wote. Yale maganda yaliyobaki yalikuwa yamevimba, meusi, hata tuliyoyakata yalituozea. Nyufa zilikuwa zinajifunga mbele ya macho yetu, udongo unafura, mdomo baada ya mdomo, na kila ulipofunga ulifunga na chakula chetu ndani.

Na mimi nilicheza. Nililala chini kwenye matope, nikafungua kinywa. "Mabula anarudi! Mabula anarudi!" Mtoto mmoja wa Mama Shija akataka kunizuia. Bibi akamshika mkono. "Mwache," alisema. "Mwache angalau huyo acheze."

Na alirudi! Hilo ndilo lililonimaliza, nikaamini moja kwa moja. Siku chache baadaye mayu alitokea njiani, na mgongoni kichwa cha Mabula kimesimama chenyewe, macho yamefunguka, na kwenye mizizi ya zile nywele nyekundu kumetokeza weusi. Aliponiona alicheka. Meno yake madogo yote nje. Nilimshika mayu mkono nikamvuta shambani hata kabla hajafika nyumbani, maana nilikuwa na habari kubwa kuliko zote.

"Mayu, angalia! Imejipanda yenyewe!"

Zile punje za kwenye nyufa zilikuwa zimeota. Shamba zima lilikuwa limechorwa kijani, kila ufa mstari wake, kama wavu umetandikwa juu ya mbuga. Sijaona kitu kizuri hivyo, na nimeona mengi. Mayu aliinama, akang'oa mche mmoja. Juu yake punje ilikuwa imejigawa mapande mawili kama viganja vya mtu anayeomba. Aliutazama muda mrefu. Akatazama mbingu, safi, kiangazi chote kiko mbele. 

Nyumbani bibi alikuwa amekaa mlangoni.

"Shikamoo, mama," mayu alisema.

Bibi hakuitikia.

"Mama, shikamoo."

"Usinisalimie," bibi alisema. "Mimi si mtu wa kusalimiwa."

Mayu alisimama pale na mtoto mgongoni. Halafu alipiga magoti yote mawili, akasema shikamoo mara ya tatu, na hakuinuka. Ilibidi bibi aseme marahaba ili mtoto aondolewe juani.

Zile tulizookota hazikujaza kibuyu. Mayu alizikaanga kidogo kidogo, na harufu ile ya soya kwenye chungu kikavu, harufu ya karanga iliyokosa utamu, ikawa ndiyo harufu ya nyumba yetu. Unga wake ulikuwa wa Mabula peke yake. Mwiko sikulamba. Mabula akaanza kutambaa tena, akawa ananifuata mlangoni. Nje shambani wavu wa kijani ukapata njano, ukakauka bila ganda hata moja, upepo ukaupeperusha, na kibuyu kikawa kinatoa sauti ya utupu.

Siku moja mayu alikimimina chote, akabaki na kiganja kimoja. Hakukikaanga. Alikifunga kwenye ncha ya khanga yake.

"Mpikie," bibi alisema.

"Na mvua zikija nitapanda nini, mama? Mwakani atakula nini?"

"Mwakani ni mwakani. Mpikie leo."

"Kiganja hiki ni uji wa siku ngapi? Halafu?"

Waligombana siku zile kwa sauti za chini, kama watu wanaovuta kamba nyuma ya ukuta. Kila mmoja alikuwa na haki, ndiyo mbaya yake. Tulikuwa tunampa Mabula uji wa muhogo. Akaanza kuumuka miguu. Mayu alisema kesho tutakwenda misheni, na kesho yake asubuhi Mabula akawaka homa, na mchana wake alikuwa hayupo tena. Mayu alimshika hivyo hivyo bila kupiga kelele. Nilikuwa nimekaa miguuni kwake. Ile ncha ya khanga ilikuwa sawasawa na uso wangu, fundo bado limekaza.

Baba alikuja tumeshazika, na kikohozi na viatu vya mtu mwingine. Alisema duara, yaani shimo lao la dhahabu, halikutoa. Hakuna aliyemuuliza duara gani.

Mvua za mwaka ule zilichelewa, na mimi nilikuwa najificha ndani mawingu yakianza kukusanyika ili nisiyafukuze. Niliendelea hivyo mpaka nilipokuwa na watoto wangu mwenyewe. Upuuzi, najua. Lakini hata leo, wingu la kwanza likija, mtanikuta ghalani.

Mayu alisubiri kiwiko. Alipanda kiganja kile mahali pamoja, karibu na nyumba, na majani yalipoanguka alilala na kisu. Tulikata na umande, mimi na yeye na bibi na Mama Shija, tukabeba ile mizigo kama mtoto amelala. Haikupotea hata punje. Ilijaza kibuyu na kumwagikia kwenye ungo. Mayu akakaanga, akasaga, akapika uji mzito kwenye sufuria la Mabula, akamimina kwenye kikombe cha Mabula, akageuka huku na huku mle ndani na kikombe mkononi kama aliyesahau alichofuata. Kisha akanipa mimi.

"Kunywa."

Nikamtazama bibi. Bibi akainamisha uso.

"Kunywa, Limi. Usibakishe."

Nilikunywa. Ulikuwa mtamu, na nilikuwa na njaa.

Mayu aliishi sana. Uzeeni alikuwa akiniuliza, katikati ya mazungumzo mengine, "Kile kiganja kingemvusha?" Nami namjibu, "Mayu, kiganja kimoja hakimvushi mtoto." Nimemjibu hivyo miaka na miaka. Anatikisa kichwa kama ameelewa, na siku nyingine anauliza tena. Mbegu ile ndiyo niliyochukua nilipoolewa, ndiyo niliyopanda, nikauza, nikanunua shamba, nikahamia huku. Watu wanasema Limi kajijenga mwenyewe. Nami nawaacha waseme, tena nasema mwenyewe kwa sauti. Mmenisikia hapo juu.

Sasa siku ile ya wiki iliyopita, nilipowafukuza vijana na maji yao, nilimwambia mjukuu, "Siyo mvua, mama. Lete mfagio." Tukazifagia zilizoruka nje ya turubai. Moja ilikuwa imeingia kwenye ufa wa sakafu ya saruji, nikaiona kule ndani, ya njano. Nikapiga magoti, magoti haya, nikaomba kijiti. Vijana wakaanza kucheka. "Mama, magunia yote haya, punje moja tu?"

 Nikamwambia mtoto alale kifudifudi, aweke shavu chini, anielekeze.

"Hapo, bibi. Shusha. Kulia kidogo."